Simu ilileta tatizo au ililikuta? Uchambuzi wa kisa cha binti wa kidato cha pili, Tanga

Binti ana miaka 15. Yuko kidato cha pili katika shule ya kutwa mjini Tanga na anaishi Ngamiani kwa shangazi yake. Barua ya shule aliyokuja nayo kliniki ina mistari mitatu: hasikilizi darasani, hamalizi kazi, "ameathiriwa na simu". Shangazi anaongeza la kwake: mtoto alikuwa mzuri, simu ndiyo imemharibu. Amemnyang'anya mara mbili, mara ya pili mwezi mzima, na alama hazikupanda.

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya mafunzo, kwa kuunganisha mambo yanayojirudia kwa watoto wa umri huu. Hakuna msichana mmoja aliye nyuma yake. Namba za binti ni za kisa, na za tafiti ni za tafiti zenyewe.

Tuanze na ule mwezi mmoja bila simu. Kama simu peke yake ndiyo iliyovunja umakini, wiki nne bila simu zingeonyesha chochote, hata kidogo. Nyumbani jambo hili lilichukuliwa kuwa ukaidi: mtoto amekasirika, ndiyo maana hasomi. Kwa tabibu ni ushahidi wa kwanza kwamba huenda kuna kitu kilichokuwepo kabla ya simu, kwa mfano ADHD, yaani tatizo la upungufu wa umakini na utundu uliopita kiasi linaloanza utotoni.

Shahidi alimjua mtoto lini?

Shangazi alimpokea binti Januari ya kidato cha kwanza. Kabla ya hapo, tangu akiwa na miaka minne, alilelewa na bibi yake mzaa baba huko Pangani. Simu, ya zamani, aliyoachiwa na binamu yake, aliipata mwezi wa pili baada ya kufika Tanga. Kwa hiyo machoni pa shangazi, mtoto, shule ya sekondari, masomo ya Kiingereza na simu vyote viliingia kwa mlango mmoja ndani ya wiki chache. Shangazi hasemi uongo. Ila mwanzo anaousimulia ni mwanzo wa yeye kumjua mtoto, na tabibu akiuandika kama mwanzo wa tatizo, kila kinachofuata kitapinda.

Tarehe ya mwanzo si jambo la kupamba faili. Vigezo vya Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, toleo la tano la mwaka 2013, vinataka dalili kadhaa za ADHD ziwe zilionekana kabla ya miaka 12 (toleo la nyuma lilisema kabla ya miaka 7). Kwa aliye chini ya miaka 17 zinahitajika dalili 6 kati ya 9 za upungufu wa umakini, au 6 kati ya 9 za utundu na pupa, kwa angalau miezi 6, katika mazingira mawili au zaidi, na ziwe zinamharibia masomo au maisha. Anayeishi na mtoto tangu akiwa na miaka 13 hawezi kujibu swali la kabla ya miaka 12. Lazima atafutwe anayeweza.

Mwaka 2018 Margaret Sibley na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia watu 239 tangu wakiwa na umri wa takriban miaka 10 hadi kufikia 25, wote wakiwa hawakuwa na ADHD utotoni. Waliofika ujanani au ukubwani wakaonekana, kwa orodha ya dalili, kama wameipata ghafla walichunguzwa upya mmoja mmoja, na karibu asilimia 95 yao waliondolewa. Mara nyingi sababu ilikuwa matumizi makubwa ya vilevi, au ugonjwa mwingine wa akili ulioeleza dalili hizo vizuri zaidi. Kwa hiyo kijana ambaye umakini wake umevunjika kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 14 anatakiwa kutafutiwa sababu nyingine kwanza: usingizi, upungufu wa damu, huzuni, hofu, bangi, mirungi, au lugha asiyoielewa.

Kikao cha kwanza

Dakika 90, kwa sehemu tatu: shangazi na binti pamoja dakika 20, binti peke yake dakika 40, shangazi peke yake dakika 30. Sehemu ya katikati haina mbadala. Katika nyumba nyingi za mwambao, msichana mwenye simu usiku hushukiwa jambo moja tu, nalo ni mwanamume. Mbele ya shangazi atajilinda na shutuma hiyo, na hataeleza usiku wake unavyokwenda. Kabla ya kuanza anaambiwa wazi: utakayosema yatabaki hapa, isipokuwa kama maisha yako au ya mtu mwingine yako hatarini.

Anaulizwa kuhusu huzuni na kutamani kufa, kama kuna mtu anayemwomba picha au kumtishia, kama ametumia bangi au mirungi, na kama anapigwa. Majibu ni hapana, isipokuwa viboko viwili shuleni kwa kazi ambazo hakumaliza. Halafu yanatoka mawili ambayo barua ya shule haikuyajua. Hununua bando la usiku kwa sababu ni rahisi kuliko la mchana, na huanza kulitumia saa 6 usiku. Na kila siku ya shule, wakati wa mapumziko ya mchana, hunywa kopo moja la energy ili asisinzie. Kafeini huchukua takriban saa tano kupungua nusu mwilini, kwa hiyo sehemu yake bado inafanya kazi jioni anapotakiwa kupata usingizi.

Hapa ndipo wengi hufunga faili: hapati usingizi, ana kafeini, ana simu, basi tatizo limeonekana. Tunashauri faili lisifungwe.

Orodha ya dalili na mitego ya tafsiri

Dalili 18 za vigezo huwekwa kwenye fomu, kila moja ikipewa alama kutoka 0 hadi 3, na huhesabika kuwa ipo ikipata 2 au 3. Shangazi alijaza moja, mwalimu wa darasa anayefundisha biolojia moja, mwalimu wa hisabati moja, mwalimu wa Kiswahili moja. Upande wa umakini hesabu zilikuwa 8, 7, 8 na 6. Upande wa utundu hakuna aliyevuka 2. Binti si mtundu, ni mtulivu, na wasichana wa namna hii hukosekana kwa urahisi kwa sababu hawamsumbui mwalimu.

Fomu hizi zinaharibika kirahisi zikitafsiriwa neno kwa neno. "Mara nyingi" kwa mwalimu wa darasa lenye wanafunzi wengi ni kitu kimoja, kwa shangazi aliyekasirika ni kingine. Ni afadhali kila alama ipewe siku: 0 ni hakuna, 1 ni siku moja kwa wiki, 2 ni siku mbili au tatu, 3 ni karibu kila siku. Kuna pia kipengele cha "huonekana hasikilizi anaposemeshwa moja kwa moja". Binti aliyelelewa vizuri Pangani huinamisha macho mkubwa anapomsemesha, na kuna walimu walioijaza 3 kwa adabu hiyo. Swali lilibadilishwa likawa: ukimpa maagizo mawili kwa mpigo, huweza kuyarudia? Na kile kinachosema mtoto "anaendeshwa na injini" kiliwachanganya wote watatu shuleni, kikabidi kuelezwa kwa mdomo: hatulii, yuko mbioni muda wote.

Simu yenyewe

Binti alisema anatumia simu "kama saa mbili". Shangazi alisema "siku nzima". Mipangilio ya simu, sehemu inayoonyesha muda wa matumizi, ilitoa wastani wa saa 6 na dakika 10 kwa siku katika siku saba. Majibu matatu, na hata la tatu halikuwa sahihi. Binamu huiazima simu mchana kuangalia mpira, karibu saa moja. Na kuna video zilizoendelea kucheza binti akiwa amelala, karibu dakika 40. Iliyobaki ni kama saa 4 na nusu, ambayo saa 1 na dakika 25 huangukia baada ya saa 6 usiku.

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2021 na Douglas Parry na wenzake ulilinganisha matumizi ambayo watu husema wenyewe na yale yaliyorekodiwa na vifaa. Uhusiano ulikuwa 0.38 tu, ambapo 1 ingekuwa kulingana kikamilifu. Rekodi ya kifaa ni bora kuliko kumbukumbu, lakini katika nyumba ambayo simu moja ina watumiaji zaidi ya mmoja, rekodi bila mahojiano humhukumu mtoto kwa mpira wa binamu.

Ni ulevi wa simu? Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, ulioanza kutumika Januari 2022, unatambua tatizo la michezo ya kidijitali: kushindwa kujizuia, mchezo kuchukua nafasi ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea licha ya madhara, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Binti hachezi gemu. Anaangalia video fupi na kuchati na wenzake wa darasa. Alipokwenda Pangani likizo ya Juni, siku 12 bila bando, hakuhangaika. Kumpa jina la ulevi hapa ni kumbandika mtoto jina ambalo dalili zake hazilibebi.

Mwili kwanza

Macho yalipimwa kwa chati ya mita 6, masikio yakapimwa, na aliulizwa kuhusu degedege na kugongwa kichwani. Hemoglobini ilikuwa gramu 10.6 kwa desilita ya damu, wakati kwa msichana wa umri wake asiye na mimba kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani ni 12. Hii ni anemia ya kadiri, na upungufu wa chuma peke yake unatosha kumchosha mtoto na kumpunguzia umakini. Aliulizwa wingi wa hedhi, akapimwa minyoo na kichocho, akapewa albendazole miligramu 400 mara moja, na vidonge vya ferasi salfeti vya miligramu 200, kila kimoja kikiwa na takriban miligramu 65 za chuma, kimoja kwa siku kwa miezi mitatu. Hapa dawa hushindwa kwa sababu ndogo: humezwa na chai ya rangi asubuhi, na chai huzuia chuma kufyonzwa. Imezwe kwa maji au maji ya ndimu, chai ingoje saa moja au mbili. Aambiwe mapema kwamba choo kitakuwa cheusi, la sivyo ataacha siku ya tatu kwa hofu.

Mwalimu mmoja aliandika kwamba binti "hupotea ghafla". Kifafa cha kuduwaa humkata mtoto kwa sekunde chache na kumrudisha kana kwamba hakuna kilichotokea. Njia rahisi ya kukitafuta ni kumwomba apumue kwa nguvu na haraka kwa dakika tatu, kwa mfano kwa kupuliza kipande cha karatasi, huku akiangaliwa. Lakini kipimo hiki hakifanywi kwa mwenye selimundu, kwa kuwa kupumua hivyo hubana mishipa ya ubongo na kunaweza kuleta kiharusi. Majibu ya selimundu yalisubiriwa kwanza, yakaja bila ugonjwa, ndipo kikafanywa. Hakuduwaa.

Wiki tatu za usingizi

Daftari la usingizi la siku 14 lilionyesha binti hupata usingizi kama saa 7 na nusu usiku na huamka saa 11 alfajiri. Ni saa 3 na nusu, pamoja na saa moja na nusu ya kulala mchana akitoka shule. Wataalamu wa usingizi wa Marekani wanapendekeza saa 8 hadi 10 kwa umri wa miaka 13 hadi 18. Kumpima ADHD mtoto anayelala saa tano ni kupima uchovu. Kwa hiyo uamuzi uliahirishwa wiki tatu ili usingizi urudi, ndipo fomu zijazwe upya.

Mpango wa kwanza ulikuwa simu itoke chumbani saa 3 usiku, energy ikome, aamke saa ileile kila siku, hata Jumapili. Ulivunjika ndani ya siku nne. Saa ya mwili ilikuwa imeshasogea, binti akawa anakaa gizani macho wazi hadi saa 7. Kumlaza mapema kwa amri hakusaidii. Ilibidi kulala mchana kukatwe kuwe dakika 20, na saa ya kulala irudishwe nyuma nusu saa kila baada ya siku tatu. Pia kazi ya nyumbani ya masomo ya ziada ilikuwa ikitumwa kwenye kundi la WhatsApp saa 4 usiku. Simu ilipotoka chumbani, kazi nayo ilitoka. Mwalimu aliombwa aitume kabla ya saa 11 jioni, akakubali baada ya kuandikiwa barua. Jambo jingine lilihusu wakubwa: binti alitoa simu, shangazi na binamu wakabaki na zao sebuleni hadi usiku. Kapu moja likawekwa juu ya friji, simu zote za nyumba zinaingia humo saa 3, ya shangazi ikiwa na mlio wa wateja tu. Bila kapu la wote, makubaliano haya huwa adhabu ya mtu mmoja, nayo haidumu.

Wiki ya tatu alikuwa analala wastani wa saa 7 na dakika 10. Kusinzia darasani kuliisha na hasira zikapungua. Fomu zikajazwa tena: shangazi 6, biolojia 6, hisabati 7, Kiswahili 4. Usingizi uliondoa alama kila mahali, na bado hesabu haikushuka chini ya 6 nyumbani wala katika masomo mawili.

Kwa nini Kiswahili pekee kilishuka chini ya 6? Mwalimu yule hukata kipindi vipande vipande na huzunguka kati ya madawati. Jambo la pili ni lugha. Shule ya msingi ilikuwa kwa Kiswahili, sekondari ni kwa Kiingereza, na mtoto asiyeelewa maneno huonekana hasikilizi hata akiwa mwangalifu kuliko wote. Alipewa vifungu viwili vya urefu sawa, maswali 10 kila kimoja. Cha Kiingereza alikiacha baada ya aya ya kwanza, akasema hajui maneno. Cha Kiswahili alikielewa vizuri, akajibu matano ya mwanzo bila kosa, kisha baada ya dakika kama nane akaanza kuruka mistari. La kwanza ni lugha, la pili ni umakini. Anayo yote mawili, na kila moja lina dawa yake.

Sanduku la Pangani

Bibi alipigiwa simu, akasikilizwa nusu saa bila kukatizwa. "Nikimtuma chumvi na mafuta ya taa, harudi na vyote viwili. Tangu mdogo." Likizo ile ya Juni, bila bando, aliunguza wali mara mbili akiwa amesimama kando ya jiko. Maalimu wa madrasa alimweka mstari wa mbele, karibu na goti lake, na hapo alihifadhi vizuri, kwa sababu wote husoma kwa sauti moja na kosa husahihishwa papo hapo. Bibi alikuwa ameweka madaftari ya darasa la tatu hadi la tano katika sanduku, akayatuma kwa basi. Yana tarehe zisizo na kazi chini yake, sentensi zilizonakiliwa ubaoni zikaishia katikati, hesabu tatu za kwanza sahihi na za chini zimebadilishwa alama ya kutoa ikawa ya kujumlisha. Mtoto ana miaka tisa. Hakuna simu.

Madaftari hayo ndiyo ushahidi mzito kuliko wote katika faili hili, kwa sababu hayakuandikwa na mtu aliyejua yatakuja kuulizwa.

Hapa utafiti unaonukuliwa sana kuhusu vijana na teknolojia unapata mahali pake. Chaelin Ra, Adam Leventhal na wenzao walifuatilia wanafunzi 2,587 wa miaka 15 na 16 katika shule 10 za eneo la Los Angeles kwa miezi 24, wakachapisha matokeo mwaka 2018. Waliuliza juu ya shughuli 14 za kidijitali. Kati ya wale 495 ambao hawakuwa na shughuli hata moja ya kila mara, asilimia 4.6 walipata dalili za ADHD katika ufuatiliaji; kati ya 51 waliofanya zote 14 mara nyingi, asilimia 10.5. Kila shughuli iliyoongezeka iliendana na ongezeko la uwezekano la takriban asilimia 10. Ni uhusiano wa kweli lakini mdogo, umetokana na majibu ya wanafunzi wenyewe, na hauthibitishi kwamba simu ndiyo chanzo. Muhimu zaidi kwa binti huyu: wote waliohesabiwa walianza bila dalili kubwa. Yeye alikuwa nazo miaka kadhaa kabla ya kushika simu. Utafiti huo si wake, na hautakiwi kusomwa juu ya kichwa chake.

Hitimisho la faili: ADHD ya upande wa umakini, iliyofichwa Pangani na bibi, madrasa na lugha aliyoijua, ikafichuka kidato cha kwanza, ikaongezwa uzito na kukosa usingizi, anemia na Kiingereza. Simu ilifungua mlango wa usiku.

Kilichofanywa, na kinachosubiri

Shuleni: dawati la mbele mbali na dirisha, kazi zigawanywe vipande vya dakika 15, maagizo ya mdomo yaandikwe pia ubaoni, viboko kwa kazi isiyokamilika vikome. Daftari dogo la kazi husainiwa na mwalimu saa ya kutoka na shangazi jioni. Zawadi hutolewa siku ileile, hata kama ni muda wa simu wa dakika 45 kabla ya magharibi. Ahadi ya mwisho wa muhula haimfikii mtoto huyu. Kiingereza kilipewa nusu saa kwa siku na binamu, maneno 10 ya somo la kesho.

Wiki ya 12 hemoglobini ilikuwa 12.1. Kazi zilizokamilika zilipanda kutoka 3 hadi 7 kati ya 10. Hisabati bado 7 kwenye fomu, na mtihani wa kidato cha pili ni mwishoni mwa mwaka, kwa hiyo dawa ilijadiliwa. Mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 2016, hauruhusu tabibu wa kawaida kuanzisha methylphenidate, dawa ya ADHD, bila mtaalamu, na huo ni utaratibu sahihi. Kabla ya rufaa vimepimwa uzito, urefu, mapigo na shinikizo la damu, na imeulizwa kama kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana katika ukoo. Shangazi ameelezwa kwamba ile ya muda mfupi hufanya kazi takriban saa nne, kwamba hupunguza hamu ya kula, na kwamba ikimezwa alasiri itarudisha lile tatizo la usiku. Ramadhani imepangwa tangu sasa: dozi ya mchana haimezwi na mfungaji, na dozi ya daku huisha kabla ya vipindi vya hisabati, kwa hiyo mtaalamu ameombwa aseme mapema kama mwezi huo utatumia dawa ya muda mrefu au utapita bila dawa.

Bahasha ya rufaa ina fomu nane, nne za kabla na nne za baada ya usingizi, madaftari mawili ya usingizi, majibu ya damu, rekodi ya simu ikiwa na saa za binamu zimetolewa, na kurasa sita zilizonakiliwa kutoka madaftari ya Pangani. Kurasa hizo zimewekwa juu.